Muuguzi Akirudi Chuo, Mzigo Usiwe Wake Peke Yake

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne unapoanza, vyumba vya watahiniwa wa kujitegemea hujaa watu wa kila aina. Wamo vijana waliofeli mwaka uliopita, wamo mafundi, wamo wafanyabiashara wadogo. Na wamo matabibu na wauguzi wenye leseni za kazi, watu waliobadilishana shifti na wenzao ili asubuhi hiyo wawe mbele ya karatasi ya Hisabati. Wanatafuta D. Si ajabu dawati la jirani likawa la binti ambaye muuguzi huyo huyo ndiye aliyemchoma chanjo ya surua kliniki.

D hiyo ina kazi yake. Kwa miongozo ya udahili ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwenye stashahada ya utabibu anayetaka kusomea udaktari anatakiwa kuwa na wastani wa B au GPA ya 3.0 katika stashahada yake. Hapo hakuna wa kulalamika. Lakini anatakiwa pia kuwa na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Aliyeteleza katika somo moja akiwa na miaka 17 analikuta linamsubiri mlangoni akiwa na miaka 35, na miaka yote ya wodi aliyoitumikia katikati haihesabiwi popote.

Tumtazame tabibu huyo kazini. Saa nane usiku analetwa mtoto wa kilo 12, ana malaria kali na degedege. Dawa ni artesunate ya sindano. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu anahitaji miligramu 36. Chupa ya miligramu 60 inayeyushwa kwa mililita 1 ya kiyeyushio chake, inaongezewa mililita 5 za maji ya chumvi, na hapo kila mililita inabeba miligramu 10. Tabibu anahitaji mililita 3.6, na mwongozo unamruhusu kuzifikisha 4. Hesabu yote hiyo anaifanya kichwani, mwanga ni wa tochi ya simu, na mama wa mtoto analia pembeni. Kisha mwaka ukiisha anaambiwa hajui Hisabati.

Ukali wa vyeti una historia yake, na si haki kuusahau. Aprili 2017, ripoti ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli mjini Dodoma ilitaja watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na sekta ya afya haikusalimika. Baada ya tukio kama hilo hakuna ofisa wa udahili anayetaka kuonekana mlegevu. Hata hivyo, kumkamata aliyeghushi ni jambo moja, na kukataa kumpima mtu kwa kazi anayoifanya kila siku, yenye kumbukumbu na saini za wakuu wake, ni jambo jingine.

Kinachoshangaza ni kwamba Tanzania iliwahi kulijua hili vizuri kuliko nchi nyingi. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, chuo ambacho leo ni MUHAS, lakini kila mtu alijua kwamba kusubiri wahitimu wake wafike Kibondo au Tunduru kungechukua muda mrefu mno. Basi ikabuniwa njia ya pili. Matabibu waliokwisha kufanya kazi vituoni walirudishwa darasani kwa miaka miwili, wakafundishwa tiba zaidi na upasuaji, wakarejeshwa wilayani wakiwa madaktari wasaidizi. Wananchi hawakujali neno “msaidizi”. Kwao huyo alikuwa daktari, maana ndiye aliyemfanyia upasuaji mama aliyeshindwa kujifungua, usiku ule ambao gari la wagonjwa halikuwa na mafuta ya kumfikisha mkoani.

Je, walikuwa madaktari wa nusu? Mwaka 2009 jarida la Health Affairs lilichapisha utafiti wa Colin McCord, Godfrey Mbaruku na wenzao kuhusu upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za wilaya za Tanzania. Sehemu kubwa ya upasuaji huo ilikuwa imefanywa na madaktari wasaidizi, na watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Watu waliorudi darasani kwa miaka miwili, wakiwa na uzoefu mkononi, walifanya kazi ile ile kwa ubora ule ule.

Njia hiyo sasa imefungwa. Sababu ilikuwa ya heshima, kwamba nchi inazalisha madaktari wa kutosha na kila mgonjwa anastahili daktari kamili. Sawa. Ila mlango ulipofungwa haukufunguliwa mwingine kwa yule aliyekwishakuwa ndani ya nyumba. Tabibu mzoefu wa leo akitaka kupanda, njia yake ni ile ile ya kijana aliyemaliza kidato cha sita wiki iliyopita, yaani miaka 5 ya shahada na mwaka 1 wa utarajali, kuanzia darasa la kwanza kabisa.

Kwa wauguzi ngazi ni tofauti, lakini kupanda kwake ni kwa taabu hiyo hiyo. Mwenye cheti anaitwa Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi, na katika utumishi wa serikali ngazi zao za mshahara zinaanzia TGHS A, B na C kwa mpangilio huo. Wapo wanaobeza kwamba wauguzi wanakimbilia shahada kwa ajili ya mshahara tu. Hata ingekuwa kweli, kuna ubaya gani? Mhasibu akisomea CPA hakuna anayemuuliza kwa nini anataka kipato zaidi.

Lakini kazi yenyewe pia imebadilika. Hospitali za rufaa sasa zina mashine za kusafisha damu, vyumba vya wagonjwa mahututi, wodi za watoto njiti. Muuguzi aliyesoma cheti miaka 15 iliyopita hakufundishwa hata nusu ya hayo. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilitoa utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, uliofuatilia wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Kila idadi ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Ulaya si Sumbawanga, na huko muuguzi hana wagonjwa 40 peke yake usiku. Lakini mwili wa binadamu ni ule ule, na dalili za mgonjwa anayezidiwa huonwa kwanza na aliye karibu na kitanda.

Sasa fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikiweka masharti mawili ambayo kwa muuguzi aliye kazini ni kama kufuli mbili kwenye mlango mmoja. La kwanza ni umri: mwombaji asizidi miaka 35. La pili ni ajira: asiwe na kazi au mkataba unaompatia mshahara. Mantiki inaeleweka, kwamba fedha ni kidogo na mtoto wa maskini atangulie. Bodi hata ilipofungua mikopo kwa wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/24, na kozi za afya zikapewa kipaumbele, walengwa walikuwa vijana wanaoanza.

Tatizo ni kwamba mantiki hiyo inamfungia nje mkopaji bora kuliko wote. Kwa miaka mingi Bodi imehangaika kuwasaka wadaiwa sugu waliopotelea mitaani. Muuguzi wa halmashauri hapotei. Jina lake liko kwenye orodha ya mishahara na makato yake yanakatwa kabla hajaiona fedha. Sheria inaruhusu kumkata mdaiwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kwa mtumishi wa umma makato hayo yangeanza mwezi unaofuata bila kumtuma mtu yeyote kumtafuta. Badala yake muuguzi huyo anakwenda benki kuchukua mkopo wa riba, anauza kiwanja, au anategemea kikoba cha akina mama wenzake wa wodi. Darasani anakaa na vijana wanaosubiri “boom” yao, naye ndiye mwenye watoto watatu wanaodaiwa ada.

Kenya wamelitatua hili kwa namna yao. Bodi yao ya mikopo, HELB, ina mkopo maalumu kwa wenye ajira wanaotaka kuendelea na masomo, na umepewa jina zuri la Kiswahili: Jielimishe. Hauondoi shida zote, lakini umekubali kwamba mtu mwenye mshahara anaweza kuhitaji mkopo wa masomo.

Tuseme fedha imepatikana na D imepatikana. Wiki za kwanza za shahada ya uuguzi zina kichekesho chake. Ndani ya chumba cha mafunzo ya vitendo kuna sanamu la plastiki limelazwa kitandani. Mwalimu anaonyesha namna ya kufunga mkanda wa kipimo cha presha, namna ya kutandika kitanda mgonjwa akiwa amelala juu yake, namna ya kunawa mikono kwa hatua. Nyuma ya darasa amesimama mwanamke ambaye amefanya mambo hayo maelfu ya mara, na hapaswi kukosa hata kipindi kimoja kwa sababu mahudhurio yanahesabiwa. Vijana siku ya kwanza wanamwita “mama”. Wiki ya tatu wanapanga foleni wakimwomba awafundishe kupata mshipa wa mtoto mchanga, jambo ambalo sanamu haliwezi kulifundisha.

Halafu linakuja somo la takwimu, na mambo yanageuka. Linakuja zoezi la kuandika mapitio ya tafiti kwa Kiingereza cha kitaaluma, lenye marejeo yaliyopangwa kwa mtindo maalumu, lichapwe na kutumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku. Vijana wanamaliza kwa simu huku wakisikiliza muziki. Yeye mara ya mwisho kuandika insha ilikuwa sekondari. Hapo ndipo wengi wanapovuna “sapu”, na wengine wanadisko kabisa, wakarudi kijijini na aibu isiyo yao. Chuo kinamfundisha kwa miezi yale anayoyajua, na kwa yale asiyoyajua kinamwachia apambane na desa za kuazima.

Hili ndilo linalopaswa kugeuzwa. Muuguzi mzoefu apimwe kwa vitendo siku anapofika. Akifaulu, asamehewe vipindi vya msingi, na muda huo apewe takwimu, kompyuta na uandishi. Si ndoto. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanzisha masomo ya uuguzi Afrika Mashariki mwaka 2001, katika Kenya, Uganda na Tanzania, kiliyapanga kwa ajili ya wauguzi walio kazini: siku mbili za wiki darasani, siku nyingine kituoni. Mwaka 2005, Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wao walianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafikie stashahada. Walengwa walikuwa zaidi ya 20,000, na kwa mwendo wa madarasa ya bweni kazi hiyo ingechukua vizazi. Kompyuta ziliwekwa hospitalini, na mtu alisoma akitoka shifti.

Na kabla ya kompyuta kulikuwa na redio. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania katika vikundi vya kujifunza afya, wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu, kisha wakitoka kuchimba vyoo. Nchi iliyoweza kufanya hivyo kwa redio za betri haiwezi kusema leo kwamba kumfundisha muuguzi aliye Namtumbo bila kumhamisha ni jambo gumu.

Upande wa mwajiri nao usikilizwe. Zahanati nyingi za vijijini zina wahudumu wawili au watatu. Mmoja akipata ruhusa ya kwenda masomoni, waliobaki wanagawana usiku wake, na wajawazito hawapungui kwa sababu sista amekwenda chuo. Mkurugenzi anayekalia barua ya maombi si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi hana wa kumweka pale. Anajua pia kwamba aliyeondoka na cheti akirudi na shahada atataka mjini, hospitali binafsi, au ng’ambo. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya kupeleka wauguzi mwaka 2021, hofu hiyo imepata sura. Ndiyo sababu utaratibu wa kusoma ukiwa kituoni una faida mara mbili: zahanati haibaki tupu, na mhudumu hang’olewi kwenye jamii yake kwa miaka minne mpaka asahau njia ya kurudi.

Kurudi kwenyewe nako kuna mitihani isiyokuwa kwenye silabasi. Mtumishi anaripoti na cheti kipya, anaandika barua ya kubadilishiwa muundo, anaambiwa ikama haina nafasi na bajeti ya mwaka imepita. Anaendelea kufanya kazi ya Afisa Muuguzi kwa mshahara wa msaidizi. Waliomaliza masomo mwaka 2016 na miaka iliyofuata wanalijua hili kuliko wote, kwa sababu Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, na wengi walisubiri kwa miaka. Kuna na mtego mwingine, wa kimya zaidi. Mwenye stashahada aliyekwishapanda madaraja kadhaa anaweza kukuta mshahara wa kuanzia wa kada mpya uko chini ya ule aliokuwa akiupata. Mtu amesoma miaka minne, akashushwa mshahara. Ukimsimulia mtu wa kada nyingine anadhani unatania.

Maafisa ustawi wa jamii wamo katika mashua hiyo hiyo, ingawa hawasemwi. Ndio wanaoamua mzee asiye na fedha apate msamaha wa matibabu, ndio wanaosimama na mtoto aliyefanyiwa ukatili mbele ya polisi na mahakama. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama imekuwapo tangu sheria ya mwaka 1973, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinatoa shahada ya ustawi wa jamii kwa wanaosoma wakiwa mikoani. Kwa hao kidogo afadhali. Masomo yao hayahitaji chumba cha upasuaji. Mkopo na muundo wa utumishi ndivyo vinavyowakwamisha.

Na foleni inakuja kurefuka. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano. Wanapewa mafunzo ya miezi sita na kurudishwa vijijini na mitaani kwao. Wengi ni vijana. Baada ya miaka mitatu ya kupita nyumba kwa nyumba, kupima watoto utapiamlo na kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, wenye vipaji miongoni mwao watataka kuwa wauguzi. Watapitia wapi? Kama jibu ni lile lile la matokeo ya kidato cha nne, basi nchi inawafundisha watu zaidi ya laki moja kazi isiyo na ngazi ya pili.

Serikali imeonyesha kwamba ikitaka inaweza. Wizara ya Afya imekuwa ikiwafadhili madaktari na wataalamu wengine kusomea ubingwa na ubingwa bobezi, ada ikilipwa, na matunda yake yanaonekana katika upasuaji ambao zamani ulikuwa safari ya India. Ni uamuzi mzuri. Lakini mgonjwa hafiki kwa bingwa wa moyo bila kwanza kupita kwa muuguzi wa cheti anayejua kwamba mapigo haya si ya kawaida, na huyo ndiye anayejisomesha kwa kikoba.

Bodi ya Mikopo ianze na dirisha moja dogo la wauguzi, wakunga, matabibu na maafisa ustawi walio kwenye orodha ya mishahara ya serikali, bila kikomo cha miaka 35, makato yaanze wakiwa bado wanasoma. Ofisi ya Rais, Utumishi, iagize kwamba aliyepewa ruhusa ya masomo kwa maandishi atengewe nafasi kwenye ikama tangu siku anayoondoka. Na kwa TCU ombi ni jepesi zaidi, kwa sababu mwongozo wake wa udahili hutolewa kila mwaka: ule ujao uwe na ukurasa wa wahudumu wa afya wenye leseni hai na miaka mitano au zaidi kazini, unaoeleza watapimwa vipi kwa vitendo na watasamehewa masomo gani. Mabaraza ya taaluma, likiwamo Baraza la Uuguzi na Ukunga, yana kumbukumbu za watu hao wote. Yakaribishwe mezani kabla mwongozo haujachapwa.